SOMO: Jinsi ya kujaribu toleo tarajiwa la QEMU kwenye kompyuta yako, na kuandika ripoti itakayofanyiwa kazi

Habari zenu wakuu. Wengi wetu tunaendesha mashine pepe kila siku kwa QEMU (programu inayoiga kompyuta) na KVM (sehemu ya kerneli ya Linux inayoiwezesha mashine pepe kutumia prosesa moja kwa moja), iwe kwa kuandika amri wenyewe, kupitia virt-manager au kupitia Proxmox. Toleo jipya likitoka tunasubiri wengine walionje kwanza. Lengo la somo hili ni sisi tuwe hao wengine, kwa kujaribu toleo tarajiwa (release candidate, kwa kifupi rc), yaani lile linalotolewa kwa majaribio kabla ya toleo rasmi.

Mradi una majaribio yake ya kiotomatiki, na yanakamata mengi. Lakini hakuna kituo cha majaribio chenye prosesa yako, kerneli yako, diski yako na mfumo unaouendesha wewe ndani ya mashine pepe, vyote kwa pamoja. Kasoro nyingi za programu za aina hii hujificha kwenye mchanganyiko huo. Nyingine hujificha kwenye kona ambazo watu wameacha kuzitazama. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa VENOM, yenye namba CVE-2015-3456, kwenye msimbo wa QEMU unaoiga kidhibiti cha flopi. Msimbo huo ulikuwamo tangu 2004, na kwa kuwa Xen na VirtualBox, programu nyingine za mashine pepe, nao walikuwa wanautumia, wote waliathirika. Ndiyo maana naamini mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na subira anaweza kuufaa mradi mkubwa kama huu.

Katika somo hili kompyuta halisi nitaiita mwenyeji, na mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe nitauita mgeni.

Lini ujaribu

QEMU hutoa toleo kubwa mara tatu kwa mwaka, kwa kawaida Aprili, Agosti na Desemba. Wiki kadhaa kabla ya hapo mradi huacha kupokea vipengele vipya, na toleo tarajiwa huanza kutoka takriban kila wiki: rc0, rc1, rc2, rc3, na mara nyingi rc4. Jaribu mapema. Kasoro ikiripotiwa wakati wa rc0 au rc1 kuna nafasi ya kuirekebisha vizuri. Ikiripotiwa baada ya rc3, kinachopokelewa ni marekebisho ya mambo mazito tu, na kasoro yako inaweza kuingia kwenye toleo rasmi ikijulikana.

Hatua ya 1: Mwenyeji yuko tayari?

```
grep -c -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo
ls -l /dev/kvm
```

`vmx` ni ya Intel (kwenye BIOS huitwa VT-x), `svm` ni ya AMD. Ukipata 0, ama prosesa haina uwezo huo ama umezimwa kwenye BIOS. Kama `/dev/kvm` ipo lakini unakataliwa ruhusa, jiingize kwenye kundi la kvm, kisha toka na uingie upya:

```
sudo usermod -aG kvm $USER
```

Hatua ya 2: Andaa mgeni ambaye hata akiharibika hakuna hasara

Usijaribu toleo tarajiwa juu ya mashine pepe yenye kazi zako. Sakinisha mgeni mmoja safi, mzime, kisha diski yake iwe diski mama. Kila jaribio lifanyike kwenye tabaka lililo juu yake:

```
chmod a-w mama.qcow2
qemu-img create -f qcow2 -b mama.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2
```

Yote atakayoandika mgeni yataingia kwenye `jaribio.qcow2`. Likichafuka, futa faili hilo na uunde jingine kwa sekunde moja. Hiyo `chmod` si pambo: ukiibadilisha diski mama baada ya kuunda matabaka, matabaka yote yaliyo juu yake yanaharibika, na utabaki unahangaika na kasoro ambayo si ya QEMU.

Hatua ya 3: Leta msimbo na uukompaili

Kwenye Debian na jamii yake, vifurushi vya msingi ni hivi:

```
sudo apt install git build-essential ninja-build pkg-config python3-venv \
  libglib2.0-dev libpixman-1-dev libslirp-dev libgtk-3-dev flex bison
git clone https://gitlab.com/qemu-project/qemu.git
cd qemu
git tag -l 'v*-rc*' --sort=-creatordate | head
```

Amri ya mwisho inakuonyesha matoleo tarajiwa, jipya likiwa juu. Nitatumia v10.0.0-rc3 kama mfano. Wewe weka lile lililo juu ya orodha yako.

```
git checkout v10.0.0-rc3
mkdir build && cd build
../configure --target-list=x86_64-softmmu --enable-kvm --enable-slirp
make -j$(nproc)
```

Hapo kuna mambo mawili. `--target-list` inakuokoa usikompaili usanifu wote ambao QEMU inauiga, ambao ni mwingi. Na `--enable-slirp` nimeiweka makusudi. Tangu toleo la 7.2, maktaba ya libslirp haiji tena pamoja na msimbo wa QEMU. Isipokuwepo, configure huendelea kimyakimya, halafu unapowasha mgeni unaambiwa kuwa mtandao wa aina ya `user` haumo kwenye programu. Ukiitaja wazi, configure itasimama na kukuambia mapema.

Usifanye `make install`. Programu inaendeshwa vizuri kutoka kwenye folda ya `build`, na QEMU ya mfumo wako inabaki ilivyo.

Hatua ya 4: Majaribio yaliyomo

```
make check
```

Iache imalize. Logi iko kwenye `meson-logs/testlog.txt`.

Hatua ya 5: Washa mgeni, na uhakikishe unajaribu unachodhani unajaribu

```
./qemu-system-x86_64 -machine q35,accel=kvm -cpu host -smp 2 -m 2G \
  -drive file=jaribio.qcow2,if=virtio \
  -netdev user,id=n0 -device virtio-net-pci,netdev=n0 \
  -monitor stdio
```

Kama `jaribio.qcow2` haiko ndani ya `build`, andika njia yake kamili. Angalia lile `./` la mwanzo. Bila hilo unaiendesha QEMU ya zamani iliyo kwenye mfumo, na ripoti yako yote inakuwa ya toleo lingine. Vilevile usiache `accel=kvm`. Ukiiacha, QEMU iliyokompailiwa hivi hutumia TCG, yaani inatafsiri maelekezo ya prosesa kwa programu. Mgeni atawaka, ila polepole, na KVM haitakuwa imeguswa kabisa. Kwenye monita iliyofunguka kwenye terminali, andika:

```
(qemu) info version
(qemu) info kvm
```

Jibu la pili liwe `kvm support: enabled`. Nakili majibu yote mawili sasa hivi, utayahitaji.

Hatua ya 6: Sasa mjaribu kweli

Kuwasha mgeni na kuona skrini ya kuingia ni jaribio, ila ni dogo. Fanya unayoyafanya kila siku, kisha uongeze yale ambayo kwa kawaida humfanyii mgeni kwa kuogopa. Nakili faili kubwa ndani yake na ulinganishe `sha256sum` kabla na baada. Mwashe upya mara kadhaa kutoka ndani. Msimamishe kwa `stop`, subiri, kisha `cont`, uone kama saa yake imekaa sawa. Hifadhi hali yake kwa `savevm a`, fanya mabadiliko, kisha `loadvm a`. Badilisha kifaa kimoja kimoja: leo diski ya virtio (aina ya vifaa iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe), kesho SATA, keshokutwa kadi ya mtandao ya e1000e. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua ni kipi.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni kumhamisha mgeni akiwa anafanya kazi, kutoka toleo la zamani kwenda jipya. Watu wenye seva nyingi hulitegemea ili kusasisha mwenyeji bila kuzima huduma, na hapo ndipo makosa madogo ya hali ya vifaa hujitokeza. Unaweza kulifanya kwenye kompyuta moja.

Kwanza chagua aina ya mashine ambayo matoleo yote mawili yanaijua:

```
/usr/bin/qemu-system-x86_64 -machine help
./qemu-system-x86_64 -machine help
```

Tafuta jina lenye namba, kwa mfano `pc-q35-7.2`, linaloonekana kwenye orodha zote mbili. Usitumie `q35` tupu, kwa sababu kila toleo huielekeza kwenye namba yake. Usambazaji mwingine wa Linux una aina zake za mashine ambazo QEMU asilia haina, kwa hiyo ziruke. Kisha washa mgeni kwa QEMU ya zamani:

```
/usr/bin/qemu-system-x86_64 -machine pc-q35-7.2,accel=kvm -cpu Nehalem \
  -smp 2 -m 2G -drive file=jaribio.qcow2,if=virtio \
  -netdev user,id=n0 -device virtio-net-pci,netdev=n0 -monitor stdio
```

Nimeacha `-cpu host` hapa ili prosesa anayoiona mgeni ifanane pande zote. Ndani ya mgeni endesha hii na uiache ikiendelea:

```
while true; do date; sleep 1; done
```

Kwenye terminali ya pili washa toleo tarajiwa kwa vigezo vilevile, neno kwa neno, ukiongeza mwishoni `-incoming tcp:127.0.0.1:4444`. Litakaa kimya likisubiri. Rudi kwenye monita ya kwanza:

```
(qemu) migrate -d tcp:127.0.0.1:4444
(qemu) info migrate
```

Ukisoma `completed`, tazama dirisha la pili: sekunde zinapaswa kuendelea kusonga pale zilipoachia. Usiishie hapo. Bonyeza vitufe, fungua ukurasa wa mtandao, andika faili kwenye diski, zima mgeni kwa utaratibu. Kuna kasoro ambazo hazionekani hadi kifaa kitumike baada ya kuhama.

Hatua ya 7: Kitu kimeharibika. Tangu lini?

Rudia jaribio lilelile kwa toleo rasmi lililotangulia. Likifaulu kule na kushindwa huku, umepata kitu cha thamani sana: kilichokuwa kinafanya kazi kimevunjika, na kimevunjika ndani ya kipindi kinachojulikana. Git itakupeleka hadi kwenye badiliko lenyewe:

```
git bisect start
git bisect bad v10.0.0-rc3
git bisect good v9.2.0
```

Git inakupa badiliko la katikati. Kompaili, jaribu, jibu `git bisect good` au `git bisect bad`. Kila jibu linakata nusu ya yaliyobaki, kwa hiyo hata mabadiliko 2,000 yanaisha kwa hatua kama 11. Badiliko lisipokompailika, andika `git bisect skip`. Ukimaliza, `git bisect reset`. Inachukua muda, na kwenye kompyuta ya taratibu inaweza kula siku nzima, lakini msanidi akipewa badiliko lenyewe huanza kazi siku hiyohiyo.

Kama QEMU yenyewe inaanguka, iendeshe ndani ya gdb, programu ya kuchunguza kasoro:

```
gdb --args ./qemu-system-x86_64 ...
(gdb) handle SIGUSR1 nostop noprint
(gdb) run
(gdb) thread apply all bt
```

Mstari wa `handle` ni muhimu, kwani QEMU hutumia ishara hiyo kuamsha nyuzi za prosesa pepe, na bila huo gdb itakusimamisha ovyo. Amri ya mwisho iandike baada ya kuanguka, kisha nakili kila kinachotoka.

Hatua ya 8: Ripoti

Ripoti za kasoro hupokelewa GitLab, kwenye hazina hiyohiyo uliyochukulia msimbo. Tafuta kwanza kama mwingine ameshaileta. Kisha andika: toleo kamili, prosesa, kerneli ya mwenyeji (`uname -r`), mgeni na toleo lake, amri nzima uliyotumia, hatua za kuirudia kasoro, ulichotegemea, ulichokiona, na toleo la mwisho lililokuwa zima.

"Mtandao haufanyi kazi kwenye toleo jipya" ni malalamiko. Msanidi atalazimika kukuuliza maswali mengi kabla ya kuanza, na wengi hawatauliza. Lakini ukisema kwamba kadi ya e1000e inaacha kupokea pakiti baada ya `savevm` na `loadvm`, kwamba virtio-net haina tatizo hilo, na ukaweka amri yako yote chini yake, mtu yeyote mwenye dakika chache anaweza kuiona kasoro kwa macho yake. Bandika maandishi, usibandike picha ya terminali. Picha haitafutiki wala hainakiliki.

Kama kila kitu kimefaulu, nalo liseme. Tangazo la kila toleo tarajiwa hutumwa kwenye orodha ya barua pepe ya qemu-devel. Jibu lenye mistari mitano, likitaja prosesa, kerneli, wageni na majaribio uliyofanya, linawaonyesha walipo salama. "Kwangu iko poa" haina faida hiyo, kwa sababu haisemi kwako kuna nini.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Laptop yangu ina RAM ya 4 GB na ni ya zamani kweli. Kuna haja ya mimi kujisumbua?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Prosesa za zamani ndizo wasanidi wengi hawana tena mezani, na zina tabia zake. Tumia mgeni mdogo kama Alpine, mpe `-m 512M`, na kompaili kwa `make -j2` ili RAM isikuishie katikati. Usifungue kivinjari wakati wa kukompaili.

Swali: Mimi `/dev/kvm` haipo kabisa, na BIOS nimeshawasha VT-x.

Jibu: Endesha `sudo modprobe kvm_intel`, au `kvm_amd`, kisha `sudo dmesg | grep -i kvm` usome inalalamika nini. Baada ya kuwasha BIOS, zima kompyuta kabisa, usiiwashe upya tu. Baadhi ya bodi hushika mabadiliko kwa njia hiyo. Na je, hiyo Linux yako yenyewe haimo ndani ya mashine pepe nyingine?

Swali: Ndiyo mkuu, imo ndani ya VirtualBox kwenye Windows.

Jibu: Basi tatizo ni hilo. Kwenye mipangilio ya mashine hiyo kuna sehemu ya kuruhusu VT-x ipite kwenda ndani, iwashe. Ila kwenye ripoti ni lazima useme kwamba ulikuwa ndani ya VirtualBox, maana safu ya kati inaweza kuwa ndiyo yenye kasoro. Bora zaidi ni kuwasha Linux kutoka kwenye diski ya USB ya nje, ujaribu juu ya kompyuta yenyewe.

Swali: `make check` imenipa jaribio moja lililoshindwa, mengine yote OK. Niripoti?

Jibu: Lirudie peke yake kwanza, ukiwa ndani ya `build`:

```
./pyvenv/bin/meson test --no-rebuild -t 3 jina-la-jaribio
```

`-t 3` inalipa muda mara tatu zaidi. Likifaulu hapo, kompyuta yako ilizidiwa tu na muda ukaisha. Likishindwa tena na tena, ripoti pamoja na sehemu yake ya `testlog.txt`, si faili zima.

Swali: Dada yenu hapa natumia Windows kama mgeni. Ikishindwa kuona diski ya virtio wakati wa kusakinisha, hiyo ni kasoro?

Jibu: Hapana dada, Windows haiji na viendeshi vya virtio. Sakinisha kwanza kwa diski ya SATA, kwenye q35 inatosha kuandika `if=ide`, kisha uongeze viendeshi vya virtio-win ukiwa ndani na ndipo ubadilishe diski. Tafadhali endelea kujaribu na Windows. Wanaojaribu matoleo tarajiwa wengi huweka Linux ndani ya Linux, na njia anazopita Windows kwenye ACPI na saa ni tofauti.

Swali: Vipi tunaotumia Xen? Hatua ni hizihizi?

Jibu: Wazo ni lilelile, matayarisho ni tofauti. Xen huwaka kabla ya Linux na kuimiliki mashine yote, Linux yako ikawa dom0, yaani mfumo wa usimamizi, juu yake. Kwa hiyo toleo tarajiwa la Xen likigoma, kompyuta nzima haiwaki. Tenga kompyuta ya majaribio, acha chaguo la Linux bila Xen kwenye GRUB, na ukiweza unganisha nyaya ya serial, kwa kuwa ujumbe wa mwisho kabla ya kuanguka mara nyingi hutokea huko tu. Kwenye ripoti weka matokeo ya `xl info` na `xl dmesg`.

Swali: Nimegundua programu ndogo ndani ya mgeni inaiangusha QEMU kila mara, hata bila kuwa root. Nimeshaanza kuandika GitLab, niendelee?

Jibu: Simama hapo kwanza ndugu. Mgeni asiye na mamlaka kuiangusha QEMU kunaweza kuwa tundu la usalama, na ripoti ya wazi inampa kila mtu silaha kabla dawa haijapatikana. Mradi una ukurasa wa utaratibu wa usalama wenye anwani ya faragha. Andika huko, ambatisha programu hiyo, na usiitaje popote mpaka mkubaliane tarehe ya kuitangaza. Kama tayari umeshabonyeza kutuma, weka ripoti iwe ya siri mara moja.

Swali: Niliripoti, msanidi akanijibu kwa kiraka na kusema nijaribu. C siijui. Nifanye nini nacho?

Jibu: Huhitaji kuijua C. Kiraka (patch) ni badiliko la msimbo lililoandikwa kama maandishi. Hifadhi barua pepe hiyo kama faili, kwa mfano `kiraka.mbox`, kisha kwenye folda ya msimbo:

```
git checkout -b na-kiraka v10.0.0-rc3
git am kiraka.mbox
cd build && make -j$(nproc)
```

Rudia hatua zilezile ulizoandika kwenye ripoti. Kasoro ikiwa imeondoka, fanya pia jaribio la kuhamisha mgeni, uone kiraka hakijavunja kingine. Kisha mjibu kwenye uzi uleule, ueleze ulichojaribu, na mwishoni uweke mstari wa `Tested-by:` ukifuatiwa na jina na barua pepe yako. Mstari huo huingia kwenye historia ya msimbo pamoja na kiraka. Kasoro ikiwa bado ipo, mwambie hivyohivyo bila kuona haya, na umtumie logi mpya.